Maji Hutoka, Hayaingii

Watu wa Lozère, huko Ufaransa, hupenda kumwambia mgeni kwamba kwao maji hutoka tu, hayaingii. Mimi niliambiwa ndani ya treni, na bibi aliyepakata kikapu cha uyoga, naye alilisema jambo hilo kwa fahari ya mtu anayetaja ukoo wake. Baadaye niliufuata usemi wake kwenye ramani kwa kidole. Mto Allier unaanzia hapa, ukaenda zake kaskazini kuungana na Loire. Lot unaanzia hapa. Tarn nao unatoka kwenye ubavu wa Mlima Lozère, mlima ulioipa nchi hii jina, na maji ya Lot na Tarn hatimaye huingia Garonne na kufika Bahari ya Atlantiki. Kusini-mashariki kuna vijito vinavyoitwa Gardon. Hivyo hushika njia nyingine kabisa, vikaelekea Rhône na Bahari ya Mediterania.

Treni yenyewe ilikuwa na behewa moja. Niliipanda La Bastide, stesheni ya mlimani ambapo reli itokayo Nîmes, baada ya kupita mahandaki na madaraja mengi, hutoa tawi la kwenda Mende. Tawi hilo hupanda hadi zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ilikuwa Oktoba. Nje ya dirisha ilipita misonobari, kisha malisho, kisha misonobari tena. Ng'ombe wachache, nyumba moja yenye moshi, nyumba tatu zisizo na moshi. Hesabu hiyo ya moshi ilinikaa kichwani. Kila nilikopita nilijikuta nikitazama dohani za nyumba kabla ya kutazama kitu kingine.

Departementi, yaani wilaya ya Kifaransa, ni zao la Mapinduzi. Mwaka 1790 majimbo ya kale yalifutwa pamoja na mabwana wake, nchi ikakatwa vipande 83, na vingi kati ya hivyo vikapewa majina ya mito na milima. Nia ilikuwa raia aweze kufika makao makuu kwa farasi ndani ya siku moja. Jimbo la kale la Gévaudan likawa Lozère. Leo departementi zote, pamoja na zile za ng'ambo, ni 101, na kila moja ina namba yake. Hii ni 48, na utaiona kwenye vibao vya magari. Ina kilomita za mraba 5,167 na wakazi wapatao 76,000, wachache kuliko departementi nyingine yoyote ya Ufaransa. Bungeni ina mbunge mmoja.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuipima kwa Mayotte, kisiwa cha Komori ambacho watu wake husema Kishimaore, lugha ya ukoo mmoja na Kiswahili, na ambacho ni departementi tangu mwaka 2011. Mayotte ina kilomita za mraba 374 na watu wanaokadiriwa kupita laki tatu. Ngazi ni ileile, na cheo cha prefekti anayewakilisha serikali ya Paris ni kilekile. Lakini kule watu wanatafuta mahali pa kujenga, na huku nyumba zinatafuta watu.

Mende, makao makuu, ni mji wa watu 12,000 hivi, na hakuna mji mkubwa kuuzidi katika Lozère nzima. Umekaa kando ya mto Lot chini ya majabali ya Mlima Mimat. Mitaa yake ya kale ni myembamba na inazunguka, na ukiipitia kwa mguu minara miwili ya kanisa kuu hukutokea ghafla juu ya mapaa, kisha ikapotea, kisha ikatokea upande usioutarajia. Minara hiyo hailingani. Mmoja una mita 84, umechongwa mawe hadi juu kwa ufundi wa kushangaza. Wa pili ni mfupi na mpole zaidi. Kanisa liliagizwa na Papa Urban V, aliyezaliwa Grizac, kwenye miteremko ya Mlima Lozère, akashika kiti cha upapa huko Avignon mwaka 1362. Sanamu yake imesimama mbele ya mlango, nyuma yake njiwa, mbele yake magari yaliyoegeshwa.

Ndani ya kanisa hilo umehifadhiwa ulimi wa kengele. Ulimi tu, bila kengele. Ni pande la chuma refu kunipita mimi, nene kwa chini, limesimama peke yake karibu na ukuta. Kengele yenyewe ilisubuliwa mwanzoni mwa karne ya 16 na ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 20. Iliitwa Isiyo na Kifani, na ilihesabiwa kuwa miongoni mwa kengele kubwa kuliko zote za ulimwengu wa Kikristo. Usiku wa Krismasi wa mwaka 1579, wakati wa vita vya dini, kikosi cha Waprotestanti kiliuteka mji. Kengele ikavunjwa na shaba yake ikayeyushwa kutengenezea silaha. Niliuwekea ulimi ule kiganja. Chuma kilikuwa baridi, na nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia, nikijaribu kukisia mlio ambao chombo cha namna hiyo kingetoa na umbali ambao ungefika.

Jumamosi kuna soko nje ya kanisa. Harufu ya kwanza ni ya udongo mbichi, kwa sababu ya uyoga wa porini unaopangwa kwenye kreti za mbao, kofia zake za kahawia bado zina majani makavu. Kisha harufu ya jibini. Kisha soseji zilizokaushwa, asali nyeusi ya kastania, mikate mizito ya shayiri nyeusi. Wauzaji ni wachache na hawaiti wateja. Mtu husimama, huonjeshwa kipande kwenye ncha ya kisu, hutafuna, huulizwa habari za mama yake, hununua. Nilisikia mara kadhaa watu wakiulizana nani amefariki na nani ameuza ng'ombe. Zaidi ya hapo ni upepo na miguu.

Nikakodi gari, nikaelekea magharibi.

Marvejols niliupitia kwa haraka, mji wenye malango matatu ya kale ya mawe. Katika uwanja mmoja kuna sanamu ya mnyama mwenye mdomo wazi, ambaye wote huku wanamjua. Kati ya mwaka 1764 na 1767 mnyama huyo, au wanyama hao, aliwaua watu wapatao mia moja katika Gévaudan, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wakichunga mifugo peke yao. Mfalme Louis XV alituma wawindaji wake kutoka mbali. Watalii hupiga picha na sanamu hiyo. Mimi niliwaza zaidi wale watoto: jinsi ilivyokuwa kawaida kwa mtoto wa miaka kumi na miwili kutumwa na ng'ombe mlimani akiwa na fimbo tu, na jinsi ambavyo hata baada ya habari kuenea wazazi waliendelea kuwatuma, kwa kuwa ng'ombe walipaswa kula.

Kutoka hapo barabara hupanda hadi Aubrac, uwanda wa juu ambao Lozère hugawana na majirani zake wawili. Miti huisha. Hubaki nyasi, kuta za mawe meusi ya volkano, mbingu kubwa na upepo usio na kizuizi. Kwa muda wa saa nzima sikukutana na zaidi ya magari machache. Niliposimamisha langu na kuzima injini, nilisikia njuga kabla sijaona mnyama yeyote. Ng'ombe wa Aubrac wana rangi ya ngano iliyoiva, pembe ndefu zilizopinda kwenda juu, na macho yaliyozungukwa na duara jeusi kana kwamba wamepakwa wanja. Hupandishwa huku mwishoni mwa Mei na kuteremshwa katikati ya Oktoba. Hawa walikuwa katika siku zao za mwisho, na nyasi walizokanyaga zilikuwa zimekwisha kuwa za manjano.

Mbali kidogo kulikuwa na jengo la mawe lililojibana kwenye mteremko, mlango mmoja, dirisha dogo, paa la vigae vya mawe vinene vya kubeba theluji. Majengo ya namna hii huitwa buron. Kwa karne nyingi wanaume wachache, pamoja na mvulana wa kuwatumikia, walikaa humo majira yote ya joto wakikamua na kutengeneza jibini, mbali na wake zao, wakilala juu ya nyasi kavu. Zamani yalikuwa mamia. Leo mengi yameporomoka au yamekuwa mahali pa kula, na hili nililolichungulia lilikuwa na upupu ndani na bado lilinuka maziwa yaliyochacha, au pengine ni pua yangu iliyotaka iwe hivyo.

Jioni, Nasbinals, nilikula aligot. Ni viazi vilivyopondwa na kusongwa pamoja na jibini changa, kwa mwiko mrefu na nguvu za mabega, mpaka mchanganyiko unavutika juu kwa utepe wa urefu wa mkono bila kukatika. Mpishi aliuvuta mbele yetu, akaukata kwa mkasi juu ya sahani. Meza ya pili walikaa mahujaji wenye viatu vya matope, kwa maana njia ya kale ya kwenda Santiago de Compostela hupita katikati ya kijiji hiki. Walikula kimya, kwa njaa ya kweli.

Kusini mambo yanabadilika ghafla. Mawe ya volkano huisha, itale huisha, na ardhi nzima inakuwa mawe ya chokaa. Huu ni uwanda wa Causse Méjean, uliokatwa pande zote na makorongo, mkavu kwa juu kwa sababu kila tone la mvua hunywewa na miamba na kuteremka gizani. Karibu mita 1,000 juu ya bahari. Wakazi hawafiki wawili kwa kilomita moja ya mraba. Nilitembea kwa mguu kutoka kijiji kimoja hadi kingine, na katika njia ile viumbe hai niliowaona ni kondoo, panzi na ndege mmoja aliyekuwa akiruka chini chini. Nyasi ni fupi na ngumu, zina harufu ya mimea ya dawa ukizikanyaga.

Nyumba za huku zilinifundisha ukosefu. Hakuna miti mikubwa, basi hakuna boriti. Ndiyo maana kila chumba, hata zizi, kimeezekwa kwa upinde wa mawe, jiwe likibebana na jiwe hadi paani. Hakuna mto, basi kila paa limetengenezwa kuteremsha mvua hadi kwenye birika la chini ya nyumba. Na kwa ajili ya kondoo kuna lavogne: dimbwi la duara lililochimbwa katika bonde dogo na kusakafiwa mawe moja moja, ili maji yasizame na kwato zisichimbe matope. Nilipiga magoti nikayatazama mawe ya lavogne moja. Yalikuwa laini, yamelainishwa na karne za ndimi na kwato. Mtu aliyeyapanga aliyapanga vizuri mno kwa kitu ambacho kingeonwa na kondoo tu.

Chini ya uwanda huo mkavu kuna nchi nyingine. Mwaka 1897 mhunzi wa kijijini na mwanasayansi wa mapango waligundua shimo lililokuja kuitwa Aven Armand. Leo unateremshwa kwa gari la reli na kutokea kwenye ukumbi ambao, wanasema, kanisa la Notre-Dame la Paris lingeweza kuingia. Nguzo za mawe zilizoota kutoka sakafuni kwa matone ya maji ni zaidi ya 400, na ndefu kuliko zote ina mita 30. Huko ndiko maji ya Causse yaliko. Yalikuwa yakidondoka pande zote nilipokuwa nimesimama, kila tone kwa wakati wake.

Karibu na Hures, nyuma ya ua mrefu, niliona farasi wafupi wa rangi ya mchanga, shingo nene, manyoya ya shingoni yamesimama wima. Hawa ni farasi wa Przewalski, waliotoweka porini kule Mongolia katika miaka ya 1960. Kundi lililetwa Causse Méjean mwaka 1993 kwa kuwa upepo, baridi na ukavu wa hapa vinakaribia vya kwao, na wazao wao wamekwisha kurudishwa Mongolia. Ardhi iliyoachwa na wakulima ikawa kambi ya kujifunzia upya maisha ya porini. Angani juu yao walizunguka tumbusi. Nao walikuwa wamekwisha katika makorongo haya kabla ya katikati ya karne ya 20, wakarudishwa tangu miaka ya 1980, na sasa wapo kwa mamia. Mfugaji akifiwa na kondoo huweza kumweka mahali palipotengwa; tumbusi humaliza kazi. Niliwatazama wakipita kimo cha macho yangu, pale ukingoni, mabawa hayapigi, na nilisikia hewa ikichanwa na manyoya yao.

Kisha unateremka. Korongo la Tarn lina kina cha mita 400 hadi 600 na urefu wa zaidi ya kilomita 50, na barabara imejibana kwenye ukuta wake ikipenya miamba. Sainte-Enimie, kijiji kilichokaa kwenye kona ya mto, kina vichochoro vya ngazi vilivyosakafiwa kokoto za mtoni, na chemchemi ya Burle ambayo hadithi inasema ilimponya ukoma binti wa mfalme. Maji yake ni ya kijani na baridi ya kuuma meno. Mbele kidogo, ng'ambo ya mto, kuna kitongoji kinachoitwa Hauterives ambacho hakina barabara. Hufikiwa kwa mashua au kwa mguu, na mizigo huvushwa kwa kamba ya chuma iliyotandwa juu ya maji. Nilisimama nikiiangalia kamba ile. Upande wa pili palikuwa na dohani moja inayotoa moshi, na nguo zimeanikwa.

Mlima Lozère wenyewe niliuacha kwa siku yenye ukungu, si kwa kupanga. Kilele chake, Finiels, kina mita 1,699, na sikukiona. Niliona itale: majabali ya mviringo yamekaa juu ya nyasi, mengine makubwa kuliko nyumba, na katikati yake mawe membamba yaliyosimikwa wima kwa umbali wa kuonana. Hayo ni ya kuwaongoza wasafiri wakati wa theluji. Ukilifikia moja, la pili linaanza kujitokeza mbele. Ukilifikia hilo, la kwanza limemezwa. Mawe ya kusimikwa si mageni katika nchi hii. Upande wa kusini-magharibi wa mlima, kwenye uwanda wa Bondons, yako mengine 154 ya kale sana, yaliyosimamishwa na watu wa zama za mawe. Wao walikokota itale na kuileta juu ya ardhi ya chokaa, wakaacha mawe yaliyokuwa chini ya miguu yao. Kwa nini, hakuna aliyeandika.

Lakini macho peke yake hayakuwatosha watu wa mlima. Katika vitongoji vidogo kama Serviès, Les Sagnes na La Fage, ambavyo havina hata kanisa, walijenga vinara vya kengele vya itale kwa ajili ya dhoruba. Theluji ikipeperuka kiasi cha mtu kutoona mkono wake, mwanakijiji mmoja alikwenda kuvuta kamba, akapokewa na mwingine, kwa zamu, hata usiku kucha, ili mtu yeyote aliyekuwa njiani ajue kijiji kiko wapi. Hawakujua kama yuko mtu. Walipiga tu.

Nilikifikia kimojawapo kikiwa na ukungu hadi mabegani. Mnara haukupita sana urefu wa nyumba: nguzo mbili za mawe na kengele ndogo katikati, pembeni tanuri la mkate la kijiji kizima, mlango wake wa chuma umefungwa. Nyumba zilikuwa chache, nyingi zimefunga madirisha ya mbao kwa majira ya baridi. Ni nyumba za wajukuu wanaokuja Agosti. Katika kijiji cha chini yake kuna jiwe la kumbukumbu la waliokufa vitani kati ya 1914 na 1918, majina ya ukoo yamejirudia: ndugu, binamu, ndugu. Nikaendelea kusoma hadi mwisho wa orodha, kwa sababu sikuwa na jambo jingine la kuwafanyia. Katikati ya karne ya 19 departementi hii ilikuwa na watu zaidi ya 140,000. Vita vilichukua wengine, migodi ya makaa ya Alès ikachukua wengine, Paris na mikahawa yake ikachukua wengi. Reli iliyonileta mimi ndiyo iliyowaondoa.

Mji mdogo wa Le Pont-de-Montvert uko ambapo Tarn, bado mto mchanga, hupiga kelele kati ya nyumba za itale. Daraja la upinde, mnara wa saa juu yake, mti mmoja mmoja. Julai 24, 1702, watu walikuja usiku wakiimba zaburi, wakaizingira nyumba ya padri aliyekuwa akiwafunga na kuwatesa Waprotestanti, wakawafungulia wafungwa na kumuua. Ndipo vilipoanza vita vya Wakamisadi, wakulima na wachana sufu waliopigana na majeshi ya Louis XIV kwa sababu mfalme alikuwa amefuta, mwaka 1685, haki yao ya kuabudu. Mwaka 1703 majeshi yalichoma mamia ya vijiji na vitongoji vya milima ya Cévennes. Barabara zilipanuliwa ili mizinga ipite, na baadhi ya zile ninazoziendesha leo kwa raha zilianza hivyo. Robert Louis Stevenson, Mskoti, alipita hapa kwa miguu mwaka 1878 na punda jike aitwaye Modestine, akivutiwa na historia hiyo. Leo njia yake ina alama, na nilikutana na familia ya watembeao wakibembeleza punda wa kukodi aliyekataa kuvuka daraja.

Ukivuka mlima kusini uko Cévennes kwenyewe, na hapo itale huachia mawe meusi ya tabaka yanayomeguka bapa na kung'aa yakilowa. Mabonde ni membamba, yenye giza mapema. Karibu na nyumba utaona makaburi mawili matatu chini ya mvinje wa Kizungu, bila msalaba: Waprotestanti walinyimwa makaburi ya kanisa, wakawazika wazee wao mashambani, na desturi ikabaki. Na kila mteremko, hata ule ambao mbuzi angeufikiria mara mbili, umekatwa ngazi. Kuta za mawe bila saruji, moja juu ya nyingine, kumi, ishirini, zikipanda hadi zinapotea msituni. Udongo wa nyuma yake ulipandishwa kwa mgongo ndani ya vikapu, na ukisombwa na mvua za vuli ulipandishwa tena.

Kwenye ngazi hizo wenyeji waliotesha miti ya kastania, waliyoiita mti wa mkate, na miforsadi, waliyoiita mti wa dhahabu. Majani ya mforsadi yalilisha viwavi wa hariri katika vyumba vya juu vilivyopashwa moto, na wanawake waliatamia mayai ya viwavi hao kwa kuyabeba katika vifuko ndani ya nguo zao. Kisha, katikati ya karne ya 19, viwavi walianza kuugua. Louis Pasteur aliletwa Alès mwaka 1865 na akapata njia ya kuchagua mayai mazima, lakini hariri ya Asia ilikuwa imekwisha kushika soko. Miti ya kastania nayo iliingiwa na maradhi, mingi ikakatwa kwa viwanda vya kuchujia dawa ya ngozi. Baada ya hapo hesabu ya dohani ni rahisi kuifanya.

Mwaka 1970 sehemu hii ikawa hifadhi ya taifa, makao yake Florac. Mwaka 2011 UNESCO iliandika nyanda na milima hii katika urithi wa dunia, na sababu waliyoitaja ni ufugaji: zile njia za kondoo, yale malisho, yale mazizi. Watu wanaishi na kuchunga ndani ya kiini cha hifadhi, kwa kuwa imekubalika kwamba wao wakiondoka, kinachohifadhiwa kinaondoka nao. Nilipenda jambo hilo kuliko mengi niliyoyaona, na ningetaka lijulikane mbali.

Saa za alasiri, chini ya Saint-Germain-de-Calberte, harufu ya moshi ilinifikia kabla ya kona. Ilitoka kwenye banda la mawe la ghorofa moja, bila dohani. Moshi ulipenya kati ya vigae. Ndani, chini, gogo la kastania linaungua polepole chini ya majivu. Juu, kwenye sakafu ya fito, kastania zinakauka kwa wiki kadhaa. Mama mwenye banda, wa makamo, mikono myeusi kwa masizi, alinieleza kwamba wazazi wake walikuja kutoka mjini miaka ya 1970, wakakuta paa limeanguka na mti umeota ndani. Yeye alizaliwa hapa. Yeye na mumewe wamejenga upya kuta, wamepandikiza miti, wanauza unga. Mwaka huu, aliongeza, familia mbili mpya zimehamia bondeni, na darasa la shule ya kijiji, lenye watoto wa umri wote na mwalimu mmoja, limesalimika.

Akaniuliza kama kwetu vijana nao wanaviacha vijiji. Nikamwambia wanaviacha. Akaniuliza wazee wanabaki na nani. Nikamjibu kadiri nilivyojua, naye alisikiliza huku akichagua mbovu na nzima, bila kusimamisha mikono. Halafu akanipa gunia nilishike mdomo, akainamisha kreti, kastania zikaingia kwa kishindo. Likajaa, akalifunga kwa kamba. Akataka kujua kama narudi kwa njia ya kijijini na kama nina nafasi nyuma, kwani gunia lile lilikuwa la jiko la shule. Nikaenda kufungua buti.